Pezi Lenye Vidole

Darasa letu la jioni pale Mwisenge lilianza na watu wengi mpaka wengine wakakalia madirisha. Ilipokuja habari ya kuchangia gharama, likapukutika kama mtama uliovamiwa na kweleakwelea. Tukabaki mimi na mwalimu wa biolojia, na mjusi mmoja ukutani ambaye nadhani naye alikuwa hajalipa.

Ijumaa moja mwalimu akanipa ukurasa aliouchana kitabuni: mchoro wa mifupa ya mnyama wa baharini aliyetoweka kabla ya babu wa babu yake Adamu. Maelezo ya chini yalikuwa yameliwa na mchwa.

"Mweke kwenye kundi lake," akasema. "Nitasahihisha Jumatatu."

Jumatatu akawa yuko Buhemba, anachimba dhahabu.

Nikaandika: samaki. Hana shingo, ana mapezi, mkia umesimama wima. Nani Musoma angebisha? Nilipokwenda Mugeta kumsalimia baba, nikamwonyesha. Mzee wa ng'ombe yule akautazama mchoro kama yuko mnadani.

"Anakamuliwa?"

"Hapana, baba. Walishakufa wote."

"Sasa unawachunga wa nini?"

Sikumwonyesha mtu tena.

Miezi ikapita. Niliishi peke yangu, nikila mapanki, yale mabaki ya sangara viwanda vikishaondoa minofu. Jioni moja nikapasua pezi: miiba mitupu, imejipanga kama meno ya chanuo. Nikauvuta mchoro. Ndani ya pezi la yule mnyama mlikuwa na mfupa mnene wa mkono, kisha miwili, kisha vidole, vipande vingi vimebanana kama punje za muhindi. Huyo si wa ukoo wa samaki! Wala si nyangumi, mkia wa nyangumi hulala bapa. Ni reptilia, wazee wake walitembea nchi kavu, wakarudi majini. Nilipiga kelele mpaka Ukerewe wakasikia. Kisha nikageuka nimwambie mtu. Kulikuwa na sufuria.

Kesho yake nikapanda baiskeli. Butiama sikusimama hata kunywa maji. Buhemba nikamkuta mwalimu anatoka shimoni, tope mpaka kwenye kope.

"Mwalimu, siyo samaki!"

"Nani siyo samaki?"

Wachimbaji wakaangua kicheko. "Mwalimu, mgonjwa wako huyo!"

Nikamweleza, mfupa kwa mfupa. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamnyooshea daftari na kalamu aniwekee alama ya vema. Hakuvipokea.

"Kijana wangu, jibu sikuwaga nalo. Kitabu chenyewe nilikikuta mchwa wameshamaliza kula. Nilitaka tu usiache kuja." Akajifuta uso. "Sasa anayejua ni wewe. Weka vema mwenyewe."

Akashuka tena shimoni.

Nikarudi Musoma, mtaalamu pekee wa reptilia wa baharini kuanzia Tarime mpaka Bunda. Darasa lilifunguliwa tena baadaye, na cheti nikakipata. Ukurasa ule nimeushikia kalamu mara elfu, na hauna vema mpaka leo. Nitajiamkiaje shikamoo, halafu nijiitikie marahaba?