Mgongo wa Mdogo Wangu

Nimestaafu utumishi wa serikali na sasa naishi Kibiti. Katika miaka yangu ya ofisi ya tarafa nilisikiliza upuuzi wa kila aina. Sikutarajia kwamba ulio mkubwa kuliko wote ungeletwa barazani kwangu na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu.

Mdogo wangu alianguka kutoka juu ya mnazi kule Maparoni, akavunjika uti wa mgongo, na miguu yake ikafa. Mkewe hakumkimbia. Nikawachukua wakae kwangu. Baadaye walikwenda Dar es Salaam, daktari akawaeleza jambo lisilohitaji akili nyingi: mbegu za mwanamume hutengenezwa kwenye korodani, na za mdogo wangu hazikudhurika, kilichokatika ni mawasiliano kati ya ubongo na viungo. Mbegu zikapatikana kwa msaada wa kifaa, zikapandikizwa hukohuko hospitalini. Mara ya kwanza haikuwa. Mara ya pili shemeji akashika mimba.

Huku kwetu mtoto husemwa ametoka mgongoni mwa baba yake. Ni namna ya kusema tu. Baba mdogo akaigeuza elimu ya tiba.

"Mgongo ndio ghala," alinifundisha, akinywa kahawa yangu. "Ghala likibomoka, mpunga utabaki?"

"Baba mdogo, daktari amesema..."

"Daktari anasoma vitabu. Mimi nimezaa, mwanangu. Wewe umezaa wangapi, bwana mkubwa wa tarafa?"

Nina binti mmoja. Alijua.

Kisha akatoa hukumu, na kuitangaza hadi msikitini: mtoto akizaliwa, mdogo wangu asimwadhinie sikioni, kwa sababu kumwadhinia ni kukiri mbele ya watu kwamba ni damu yake. Mdogo wangu, ambaye hakutoa chozi alipoambiwa hatatembea tena, siku hiyo aligeuza kiti chake cha magurudumu akatazama ukuta.

Shemeji alijifungua mtoto wa kike. Nilikisukuma kile kiti hadi wodini kabla baba mdogo hajamaliza kuvaa kanzu. Alipofika, adhana ilikuwa inaelekea mwisho. Aliinama kumkagua mtoto kama anayekagua gunia. Kando ya sikio la kulia palikuwa na kitundu kidogo, cha kuzaliwa nacho. Mdogo wangu anacho. Baba yetu alikuwa nacho. Baba mdogo akajigusa sikio lake mwenyewe.

Nilisubiri aombe radhi.

"Kumbe," akasema, "mgongo wenyewe haukuvunjika!"

Tangu hapo huwaambia watu kwamba kijana wetu anajitia ulemavu ili asilime. Mdogo wangu akiyasikia hucheka, binti yake akiwa amelala juu ya mapaja yasiyohisi uzito wake. Mimi sicheki. Na kahawa yangu baba mdogo hainywi tena.