Lazima Niliyompa Neema

Tulikuwa jikoni mimi, wadogo zangu Neema na Elia, na shangazi, tukicheza mchezo wa kutunga sheria za nyumba. Mimi niliyeacha shule darasa la tano ili niwalee baada ya wazazi kufariki nikajikweza: "Ruhusa ni ukipenda. Lazima haina udhuru!"

"Hakimu wa darasa la tano," shangazi akacheka.

Nikaandika: lazima Neema akate majani ya ng'ombe kabla ya kwenda popote.

Jumatatu majani yalikuwa haba huku kijijini kwetu Uru, Neema akaenda kuyatafuta mbali. Mchana mwalimu wake akaja kuniambia: Neema hakufanya mtihani wa asubuhi.

Neema alipofika nikamfokea, "Si ungeyaacha?"

"Kaka, ulisema lazima haina udhuru," akajibu, mzigo wa majani ungali kichwani.

Mwalimu akanigeukia. Nikatazama ndala zangu. Mpaka leo sijamwomba Neema radhi.