Timu ya Nne

Nikipita mnadani Katesh, harufu ya mbuzi anayechomwa hunitia hasira kabla ya njaa. Mtanicheka, lakini nisikilizeni kwanza.

Nilikuwa darasa la nne huko Masakta, enzi zile mitumba inamwagika hadi vijijini. Mzee Juma, mwenye duka Katesh, alileta mpira wa ngozi akaanzisha kombe la watoto wa vijiji vinne. Zawadi ilikuwa mbuzi, na aliyemtoa ni mfugaji wa kijijini kwetu, baba yake Gwandu. Huyo Gwandu nilikaa naye dawati moja, na kwa mpira hakuwa na mpinzani. Kombe lile alilingoja kuliko sisi wote, hata nywele alinyoa.

Kocha alikuwa baba yangu mdogo, Paskali, mtu mwenye mdomo mchungu kama shubiri. Asubuhi ya mechi alikuwa akitugawia jezi, fulana za njano za mtumba. Gwandu akamwendea, akainamisha kichwa, "Shikamoo, kocha." Baba Mdogo hakuitika. Kwetu, kumnyima mtoto marahaba ni kumwambia kwamba si mtu.

"Walioingiza ng'ombe kwenye mahindi yetu," akasema, "hawavai jezi yetu."

Ng'ombe wenyewe walikuwa wa mfugaji mwingine, hawakuwa hata wa baba yake Gwandu. Mzee Juma alisikia, akaja na filimbi yake shingoni.

"Paskali, nilisema watoto wote wa kijiji. Mbuzi wao mmemtaka, mtoto wao hamumtaki?"

"Basi chezeni bila sisi. Kombe gani la timu tatu?"

"Hata Kombe la Afrika lilianza na timu tatu, kule Khartoum. Misri, Sudan na Ethiopia."

"Na ya nne ilikufa?"

"Ya nne ilikuwa Afrika Kusini. Ilikataa kuchanganya weupe na weusi, ikabaki kwao. Ethiopia iliyokuwa icheze nayo ikaingia fainali bila jasho."

Baba Mdogo akatema mate, akatuvua fulana, akatutoa uwanjani tukilia. Njia nzima alituambia kwamba tumedhulumiwa, kwamba yule mfanyabiashara wa mjini ametunyang'anya mbuzi wetu. Tukaamini. Tulimtukana Mzee Juma kila tulipokuwa tukichunga ndama. Watoto wa kijiji cha Gitting wakashinda, wakamla mbuzi. Gwandu alisimama pembeni ya mstari mpaka mechi ya mwisho, na muhula uliofuata baba yake akamhamishia Dirma.

Miaka ikapita, mkoa wa Manyara ukazaliwa, nami nikaenda sekondari Babati. Siku moja mwalimu wa historia alikuwa akifundisha ubaguzi wa Afrika Kusini, akagusia lile kombe la kwanza la Khartoum. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Kumbe timu ya nne tulikuwa sisi. Hakuna aliyetunyima kitu. Tuliambiwa njooni wote, na mtu mzima mmoja akasema hapana kwa niaba yetu.

Mpaka leo Baba Mdogo anasimulia harusini na msibani jinsi tulivyoonewa. Wahenga walisema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Kwa huyu, Idi zimepita chungu nzima na bado.

Kumkataa Gwandu pengine ningemsamehe, ningesema ni hasira za shamba. Lakini alitufundisha sisi watoto kumchukia mtu pekee aliyesimama upande wa rafiki yetu. Hilo sijamsamehe.