Mchanga uliofungwa mkanda

Saa moja asubuhi, mlango wa gereji umefunguliwa nusu, na Mama Mizani anamfunga mkanda dereva asiyesema wala kupumua. Ni magunia mawili ya mchanga. Moja limekaa kwenye kiti, jingine limelazwa pale miguu inapokanyaga mafuta na breki. Anauvuta mkanda mpaka unakaza, kisha analipiga gunia kofi dogo la kirafiki.

"Cheka tu, kila mgeni hucheka," anasema bila kugeuka. "Gari tupu halikuambii ukweli. Lazima dereva awemo, au awemo mtu wa uzito wake."

Kazi yake ni kulipanga gari la mashindano likamate barabara vizuri. Kila tairi limekaa juu ya mzani wake, bapa kama sinia. Anasoma namba nne, anaingia uvunguni, anazungusha springi kidogo kwa spana, anatoka, anasoma tena. Magoti ya suruali yake yamechakaa kuliko soli za viatu.

"Ni kama meza ya miguu minne," anaeleza. "Ukichomeka karatasi chini ya mguu mmoja, yote minne inasikia."

Gari lenyewe ni dogo, jekundu, la milango miwili, mmoja wa buluu kwa sababu ndio uliopatikana. Anayeliendesha ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, mwanamke mwembamba ambaye tangu shuleni anaitwa Sisimizi. Keshokutwa, Jumapili, ana mashindano.

Na safari hii hapana utani. Gari limeshamponyoka kwenye kona na kuzunguka mara mbili, na kaka mtu ametoa neno: likizunguka mara ya tatu, Jumatatu linauzwa.

Mama Mizani aliingia kwenye kazi hii kupitia pancha. Alikuwa msichana wa kuziba matairi kando ya barabara, siku mteja mmoja, dereva wa mashindano, aliposimama aongezewe upepo kwenye tairi la nyuma. Kesho yake akarudi na tairi lile lile.

"Tairi lilikuwa zima kabisa," anasema. "Mwenye tatizo alikuwa yeye."

Wakaoana. Mume akawa anaendesha, mke anapanga springi, shokapu na upepo. Magari ya kawaida yanayokuja kunyooshwa magurudumu ndiyo yaliyowalisha na kusomesha watoto; lile jekundu halikuwahi kuleta faida, linakula tu. Lakini hakuna aliyethubutu kulisema vibaya mezani.

Miaka yote ya mbio mume hakuchubuka hata kidole. Akaja kuanguka kutoka kwenye ngazi ya gereji, akibadilisha taa. Mgongo ukaharibika. Leo anatembea na fimbo, na kile kiti kigumu cha gari la mashindano hawezi kukikalia. Sisimizi, aliyekuwa akifanya mazoezi na gari hilo tangu zamani, akaomba usukani.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kwenye kona za kushoto gari lilikuwa tulivu. Za kulia, mkia unachomoka. Mara ya kwanza liliishia kwenye nyasi. Mara ya pili lilizunguka likasimama karibu na ukuta, karibu mno.

"Wifi, unakanyaga mafuta mapema," Mama Mizani alimwambia walipofika gereji.

"Mbona kushoto sikanyagi mapema?" akajibu. "Au mguu wangu unajua kulia na kushoto?"

Mama Mizani akapunguza upepo wa matairi ya nyuma. Akalegeza shokapu. Akabadilisha hata matairi yenyewe. Wapi. Kila akiweka kiganja, matairi ya kushoto yanarudi yamechemka kuliko ya kulia, na yeye ameshapima, mizani inasema kila kitu kiko sawa. Kwa wiki kadhaa mawifi hao wakawa wanasalimiana kwa mkato.

Mume hakubishana na mtu. "Gari nitapata jingine," alisema. "Dada sina mwingine."

Jibu lilikuja siku Sisimizi alipotaka kurekebisha mkanda wake. Akashika gunia alitoe kitini. Halikunyanyuka. Akajaribu tena, akashindwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ule ukuta.

"Wifi, humu umemweka nani? Mimi sina uzito huu hata nikilowa mvua."

Mama Mizani anasema hapo ndipo alipokumbuka. Magunia yale aliyajaza mwaka walipooana, yakiwa na uzito wa mumewe pamoja na helmeti na viatu: kilo tisini na moja. Sisimizi na vitu vyake vyote hafiki sitini.

"Nilijua kabisa anayeendesha sasa ni wifi. Kichwa kilijua," anasema. "Lakini mikono ilikuwa bado inamfunga mkanda mume wangu. Nililia, sikuficha. Ningeweza kumuua huyu mtoto kwa mazoea."

Usukani uko kulia. Gari lilikuwa limepangwa kubeba mtu mzito upande huo. Akiingia mwepesi, kulia kunanyanyuka na uzito unaelemea kushoto. Kwenye kona ya kulia kila gari hulalia kushoto. Hili lilikuwa limeshaanza kulala kabla ya kona. Matairi ya upande huo yakazidiwa, yakaachia.

Ndiyo maana asubuhi hii mchanga umepimwa upya. Sisimizi alipandishwa mzani na helmeti kichwani, akilalamika kwamba hajanywa chai, na magunia yakapunguzwa mpaka yakalingana naye. Mume amesimama mlangoni na fimbo yake, anasoma namba kwa sauti. Mama Mizani anazungusha springi.

Jumapili, mume anasimama uzioni kwenye kona ya kulia iliyo kali kuliko zote. Mzunguko wa kwanza anaangalia viatu vyake. Gari linapita, linapinda, linaondoka. Mzunguko wa pili anainua macho.

Sisimizi anamaliza wa tano. Mama Mizani hajaangalia mbio. Anasubiri gari lirudi, kisha anaweka kiganja kwenye tairi la kushoto, anahamia la kulia.

"Joto moja," anasema, na anamkumbatia wifi yake na helmeti yake yote.

Gari halikuuzwa. Mchanga uliopunguzwa kwenye magunia uko kwenye ndoo pembeni mwa gereji, na Mama Mizani amekataa usimwagwe. Daktari amesema mgongo unaendelea vizuri, na mpango wa Mama Mizani ni kushona kiti laini, ili siku moja mumewe auzunguke uwanja mara moja tu, mwendo wa kwenda sokoni.

"Siku hiyo sitaki gunia," anasema. "Nataka akae mwenyewe nimpime."

Mume anajikuna tumbo. "Asisahau nimekaa bure muda mrefu. Siku hizi nimezidi hata hiyo ndoo."

"Nimeona," anajibu mkewe kutoka uvunguni. "Nitakaza springi. Wewe pona tu."