Jina la Riedel

Chumba cha chini cha nyumba yetu katika mji wa Crystal, Marekani, kilinuka karatasi zilizopata unyevu, kahawa iliyoungua, na mafuta ya mashine ambayo hayakutoka mikononi mwa Walter, baba yangu wa kambo, hata anawe mara tatu. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, na majira ya baridi yalimshughulisha kuliko mengine, lakini Jumamosi hakupokea simu ya mteja. Alishuka chini, akawasha taa, akaketi na mababu zake. Walikuwa Wajerumani walioingia Pennsylvania ilipokuwa bado koloni la Waingereza, naye aliwafuata mmoja mmoja kurudi nyuma, kwa barua, kwa nakala za vitabu vya ubatizo, kwa orodha za abiria wa meli. Kila aliyempata alimwandika kwenye daftari kubwa la jalada jeusi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na ile ilikuwa theluji yangu ya pili. Baba yangu mzazi, Mwakio, alifariki Voi nikiwa darasa la kwanza. Mama alitangulia Marekani kufanya kazi ya uuguzi, akaolewa na Walter, kisha akanileta. Msimu huo Walter alikuja na fomu ya kunibadilisha jina niwe Wakesho Riedel. Aliileta kwa moyo mweupe, kama mtu anayemletea mtoto koti. "Jina hili limevuka bahari," aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole. "Halijakatika tangu Johann Riedel. Nataka na wewe uwemo." Nikamjibu kwamba jina ninalo, nikapanda chumbani. Bibi mzaa baba alikuwa amenifunza kuwa mwacha asili ni mtumwa, nami nilimshika neno. Mama alinifuata akiwa bado na sare ya kazini. "Kuzaa si kazi, Wakesho, kazi ni kulea. Nani anaku-drive mpaka Blaine kwa mazoezi ya kwaya na theluji hii?" Nililia, kwa sababu alisema kweli. Fomu ikabaki mezani wiki baada ya wiki, tukiizunguka kwa sahani zetu.

Mwezi wa Februari ikaja bahasha nene kutoka Pennsylvania. Walter aliifungua hata kofia hajavua. Ndani mlikuwa na nakala ya wosia wa Johann Riedel, pamoja na tafsiri yake. Johann alimwachia shamba Peter, ambaye Walter siku zote alimhesabu kuwa mwanawe na shina la ukoo mzima. Kumbe Peter alikuwa mtoto wa mkewe kwa mume wa kwanza, aliyefia melini. Johann alimlea tu, akampa jina lake. Walter alisoma mara mbili, akaiweka bahasha juu ya friji, akatoka na koleo kuondoa theluji mahali ambapo hapakuwa na theluji. Jumamosi mbili hakushuka chini. "Amekaa kama mtu wa matanga," Mama alimwambia Bibi kwenye simu.

Jumamosi ya tatu niliichukua ile bahasha. Naona haya kukiri kwamba nilifurahi kwanza: kumbe na wewe jina lako ni la kupewa! Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga ulimini. Lakini nilipofika kwenye mstari wa yule aliyefia melini, nilitafuta jina lake, sikuliona. Nikampelekea Walter sebuleni.

"Baba yake Peter aliitwa nani?"

"Hawakuandika."

"Hakuna aliyeuliza?"

"Labda mtoto alikuwa mdogo mno, akasahau."

Nikamwambia jambo ambalo hata Mama sikuwa nimemwambia: kwamba sauti ya baba yangu imeanza kunipotea. Walter aliinuka, akanishika mkono tukashuka chini, akafungua daftari ukurasa mpya. "Mwakio," alisema. "Linaandikwaje?" Nikamtajia herufi. "Na baba yake?" Mwandawiro. "Na wa huyo?" Sikujua. Mama akampigia Bibi, akasimama juu ya ngazi akitutupia majina kama anayemwaga mahindi, Walter akiyatamka kombo na kuomba yarudiwe, nami nikicheka hadi mbavu zikauma. Yalifika saba. Fomu Walter aliikunja akaitia kwenye droo, na hatukuizungumza tena.

Siku hizi naishi Maple Grove, si mbali na Crystal, na wanangu hutafuta ukoo kwa simu; majibu huja kabla chai haijapoa, nao huyatazama dakika mbili wakahamia jambo jingine. Walter alikufa miaka minne iliyopita. Watoto wake wa ndoa ya kwanza walichukua vyombo na bunduki za kuwindia. Makaratasi hayakuwa na mwenyewe, nikayabeba mimi. Jumamosi nisipokuwa na zamu hospitalini, huwa namtafuta yule mtu aliyefia melini, ambaye si wa damu yangu. Bado sijampata. Na nikikwama kwenye mwandiko wa Kijerumani cha kale, hujikuta nimegeuza kichwa, nataka kumwuliza Walter hiyo ni herufi gani.