Mwizi wa Mvua Ukutani Kizota

Nikisikia harufu ya siki, hata kwenye kachumbari ya hoteli ya njiani, narudi ndani ya behewa la daraja la tatu lililotutoa Kigoma. Chini ya kiti chetu palikuwa na makopo mapana ya bati yenye mikanda ya sinema, na mikanda ya zamani ikianza kuharibika hunuka hivyohivyo. Njia nzima abiria walituuliza kama tunauza achari. Mjomba Gervasi, aliyenilea, akawaambia tumebeba wachawi. Wakaacha kuuliza.

Alikuwa ameendesha gari la sinema la serikali, mojawapo ya yale yaliyozunguka vijijini kuonyesha kilimo bora na uchimbaji wa vyoo. Wafanyakazi walipopunguzwa naye akapunguzwa, akaondoka na mashine chakavu ambayo hakuna aliyeitaka. Rafiki yake alikuwa na gereji Kizota, Dodoma, na gereji ilikuwa na ukuta mrefu mweupe. Huo ndio ukawa mji wetu.

Mkanda uliopendwa ulikuwa mmoja, wa kale, hauna sauti wala rangi. Mtu mwenye joho anapanda ngazi hadi mawinguni. Mawingu yenyewe ya maboksi, hata kamba zinaonekana. Anapunga mkono, nyota zinageuka wasichana. Anapunga tena, wanatoweka katika moshi. Mwishoni anajaza mfuko vitu vinavyometameta, anayeyuka. Vitu gani, hakuna aliyejua. Mjomba, aliyekuwa akisimulia kando ya mashine, alisema ni mvua. Jirani yetu Mama Chilewa, Mgogo asiye na masihara, akabana ngoma yake kati ya magoti, akapiga radi.

Kusema hivyo Dodoma lilikuwa kosa, tena mwaka ambao uwele ulikauka ukiwa haujafika kiunoni. Sinema ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Mzee mmoja alidai mvua irudishwe. Mjomba akacheka, akasema yale ni makaratasi tu. Hawakucheka naye. Ipagala palikuwa pamefunguliwa kibanda cha video, picha za rangi, mateke yanasikika hadi barabarani, na kila aliyekaa pale aliijua njia ya kwenda huko. Wakiondoka na kinyongo, tungebaki na ukuta.

"Bwana Sinema," Mama Chilewa akasema taratibu, "sisi tuna mashamba. Huyo mtu wako mwambie ashuke."

Mjomba akageuza swichi. Mkanda ukarudi nyuma. Mwizi akatokea tena, vile vinavyometameta vikaruka kutoka mfukoni hadi mawinguni, moshi ukawa wasichana, wasichana wakawa nyota, naye akashuka ngazi kinyumenyume, mikono mitupu. Watu wakasimama, wakajipangusa vumbi, wakaenda kwao.

Baada ya hapo hata wa kibanda cha video walirudi kwetu, maana huko kilichoibwa hakirudi. Kila onyesho likaishia kwa mwizi kushuka. Mkanda ukawa unakatika, Mjomba anakata palipoharibika na kuugundisha, na kila mara mtu yule alipanda ngazi haraka zaidi. Ilifika mahali wasichana wanatoweka kabla ya moshi. Nilidhani uchawi unakolea.

Nilikuwa mtu mzima, nikihangaika mji hadi mji, fundi mmoja wa sinema aliponieleza kwamba mkanda mkavu kama ule ukiurudisha nyuma unauua, na kila mwenye kazi hiyo anajua. Mjomba alikuwa na kazi hiyo tangu sijazaliwa.

Mkanda ulipobaki na ngazi tupu, alipata kazi ya kuendesha lori Mbeya. Siku ya kuondoka Mama Chilewa alitufuata stendi ya mabasi.

"Mbukwa," alitusalimu, kisha akamgeukia Mjomba. "Na mvua yetu, umeipakia humo?"

Mjomba akafungua begi lake, akaligeuza juu chini mbele ya abiria wote. Mashati, soksi na kiwembe vikamwagika sakafuni. Nilificha uso kwa aibu, nikidhani anachekesha watu. Mama Chilewa hakucheka. Aliingiza mkono ndani ya begi, akapapasa hadi pembeni, ndipo akaanza kukunja mashati, moja moja, na kuyarudisha.