Bei ya Kunywa Chai na Kasa

Baba yangu alikuwa mtu wa kununa huku amefurahi. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mwanangu ilipokaribia, alianza kulalamika mapema, asubuhi na jioni, na malalamiko yake yote yalikuwa juu ya bei ya kunywa chai na kasa.

Inabidi nieleze. Katika mol moja kubwa la maduka, si mbali na kwetu Sib, huku Arabuni, kuna bustani ya pembea ya ndani, yenye magari ya kugongana, gari moshi la watoto, na mkahawa. Jumamosi asubuhi mkahawa huo huandaa chai: mayai, maharagwe, mikate ya namna namna na vitamu vya kumalizia. Watoto wakiwa wanakula, hutokea wanyama wa bustani, yaani watu waliovaa mavazi mazito ya sponji. Mmoja ni ngamia, mmoja bundi, na mmoja kasa wa kijani mwenye gamba mgongoni kubwa kama sinia la pilau la harusini. Hupita meza kwa meza, wakakumbatia watoto, wakapigwa picha, wakenda zao. Hawasemi neno, kwa sababu ndiyo sharti la kazi yao. Mwanangu alimpenda huyo kasa tangu alipokuwa hajui kutembea sawasawa, na aliyempeleka kila mwaka alikuwa babu yake, wao wawili tu.

Mwanzoni kasa alikuwa bure. Ukilipa kiingilio, unakunywa chai, na kasa anakuja mwenyewe. Mwaka uliofuata chai ikawa na malipo yake. Kisha picha ikaanza kulipiwa, na simu zetu wenyewe zikapigwa marufuku mpaka kasa aondoke. Kisha mtu mzima anayemsindikiza mtoto akatakiwa alipe kama mlaji, hata akinywa maji matupu. Mwaka huo baba alisimama dirishani kwa keshia akabishana kwa Kiarabu, na Kiarabu kilipomwishia kabla ya hasira, akaendelea kwa Kiswahili, ingawa aliyekaa dirishani hakujua hata neno moja.

"Kwetu Unguja sie kasa tukimla," alikuja kutuhadithia nyumbani, bado amewaka. "Hapa nalipa mie, kasa aje aniangalie nkila!"

Akaapa kwamba mwakani hendi, wallahi hendi. Mwakani akenda, tena amevaa kanzu iliyopigwa pasi upya na kofia yake ya kutokea. Mama alikuwa akimtania kwamba huyo kasa ni mke mwenzake, maana hapana mtu mwingine ambaye baba alimgharimia hivyo bila ya kuombwa mara mbili. Yeye mwenyewe hakuwahi kufuatana nao. Alisema hataki kuonana na mke mwenzake asubuhi na mapema.

Baba alifariki kabla ya Ramadhani. Mama akakaa eda, na muda wote wa eda nyumba haikuwa na nafasi ya kutupa mguu. Walikuja ndugu wa baba kutoka Sidab na samaki wao, wakaja majirani, wakaja wanawake aliosoma nao mama chuoni Unguja ambao sasa wana vijukuu. Walikaa naye, wakalia naye, wakala naye. Sikuwa na wasiwasi na mama wakati ule. Nilikuwa nikisema anajikaza.

Alipotoka eda, watu wakarudi kwenye shughuli zao, kama inavyopasa. Mimi nikarudi ofisini kwangu, mtaa wa Ghala, kwenye kampuni ya vipuri, natoka alfajiri nisije nikakwama barabarani na narudi nimechoka taabani. Hapo ndipo mama alipoacha kula. Hakukataa chakula, la. Angekataa ningejua la kufanya, maana kwa kugombana tumejaaliwa nyumbani kwetu. Yeye alikipokea, akakishukuru, akamega kidogo, akasema, "Nshashiba, mwanangu."

Tulifanya kila tulichokijua. Tukampikia bokoboko, tukampikia mkate wa kumimina, tukamtafutia ndizi mbivu za kupika kwa nazi. Tulimpelekea chumbani kwake juu, sinia limefunikwa kawa, ili asihangaike na ngazi. Sinia lilirudi chini kama lilivyopanda. Bangili zake, ambazo zamani hazikutoka mkononi ila kwa sabuni, sasa zilipanda mpaka karibu na kiwiko akiinua mkono kufunga mtandio. Daktari alimpima akatuambia mwili hauna maradhi, ila ukiendelea kukonda hivi itabidi alazwe, apewe chakula kwa mshipa. Mama alimsikiliza kwa heshima na tuliporudi nyumbani akala kijiko kimoja cha uji.

Katika hali hiyo ndipo siku ya kuzaliwa ya mwanangu ilipokuja. Nilifungua simu kutazama bei za bustani, nikasikia sauti ya baba inatoka kinywani mwangu. Mwaka huu kasa mwenyewe alikuwa na bei yake: anakaa na meza yako dakika chache zilizopangwa, na ukitaka azidishe, nawe unazidisha.

"Mwaka huu hatwendi," nilimwambia mwanangu. "Hata babu alisema hendi tena."

"Babu kila mwaka alisema hivyo," alinijibu. "Halafu tunakwenda."

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, tasbihi mkononi, nikidhani hatusikii.

"Twendeni," alisema. "Nami ntakwenda."

Alikuwa hajatoka nyumbani tangu eda, ila kwa daktari. Nililipa palepale, kabla hajabadilisha mawazo, na bei ile niliitukana moyoni tu.

Jumamosi tukafika. Mkahawa ulikuwa umejaa kelele, na muziki wa watoto ulipigwa juu kiasi cha kuumiza meno. Mama alikaa na abaya yake, mgongo wima, kama mtu aliyealikwa nyumba asiyoijua. Nilimpakulia sahani kubwa ya mayai, maharagwe, mkate na kaimati. Alimega kipande cha mkate kwa ajili ya kuniridhisha, kisha mkono wake ukatulia pembeni ya sahani. Ngamia akapita, bundi akapita, mama akawaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kujuta. Nilimleta mahali pa zogo, na hali ni ileile.

Kisha akaja kasa. Mwanangu alipanda juu ya kiti akamrukia shingoni. Wakapigwa picha yao ya kulipia. Mama alimtazama mgeni huyu kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyake vya kijani.

"Ndiye huyu?" aliniuliza.

"Ndiye."

"Mkubwa," alisema. Halafu akamgeukia kasa akafanya lile alilolifanya maisha yake yote kila mtu alipomkuta anakula. "Karibu."

Kasa alimpungia mkono. "Karibu ule," mama akarudia. Kasa akaweka mkono kifuani, kushukuru, na hapo akawa amejiponza, kwa sababu kwa mama hivyo ndivyo anavyofanya mtu mwenye adabu aliye na njaa. Mwenye adabu hakubali mara ya kwanza wala ya pili. Mama akavuta kiti kwa mkono wake mwenyewe, akaisogeza sahani katikati ya meza, akakaribisha mara ya tatu.

"Mama, huyu yuko kazini," nilimnong'oneza. "Hali."

"Mtu gani yuko kazini hali? Kasimama hapa, sie tunatafuna. Toka lini?"

Kasa aligeuza kichwa chake kikubwa kumtafuta msimamizi, akanitazama mimi, akamtazama mama. Akakaa. Alikaa upande, kwa sababu gamba halikukubali kuegemea, na kiti kikalia.

Mgeni wa mama halishwi kwa maneno. Mwenyeji anakula naye, tonge kwa tonge, na hanyanyui mkono kwenye sahani mpaka mgeni anyanyue wa kwake, kwa sababu mwenyeji akishiba mwanzo mgeni ataona haya, atoke na njaa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nimewahi kumwona mama akichezacheza na wali pembeni mwa sinia, ameshiba mpaka kooni, akimngoja shangazi yetu mmoja ambaye kula kwake ni safari.

Basi alimega mkate, akachovya kwenye maharagwe, akauweka mbele ya kasa. Akamega mwingine. "Bismillahi," alisema, akabaki amemtazama.

Kasa, Mungu ambariki aliyekuwa ndani yake, alipeleka kiganja chake kinene kwenye mdomo wa kuchorwa, akatikisa kichwa juu na chini kama anayetafuna. Mama naye akala. Alitafuna, akameza.

Akamega tena. Kasa akapeleka mkono mdomoni tena, na mama akala tena. "Kula, mwanangu, usione haya," alikuwa akimwambia. "Kaimati hizi hazina hiliki, lakini kula, ushafika." Kasa akakubali kwa kichwa kwamba hiliki haimo.

Mimi nilikodolea macho ile sahani. Sahani ilikuwa inapungua upande wa mama. Mwanangu alifungua mdomo aseme kitu, nikamkanyaga kidogo chini ya meza, akaufunga. Hata leo sijui alitaka kusema nini.

Msimamizi akaja, msichana wa Kikenya, mpole, aliyekuwa amebanwa na kazi. "Mamii, samahani, muda yenu imeisha. Anaenda meza ingine." Meza ya pili watoto walikuwa wameshasimama wakimngoja, na haki ilikuwa yao.

Kasa akaanza kunyanyuka. Mama akanyanyua mkono kwenye sahani papo hapo, akautafutia kitambaa. Mgeni kaondoka, shughuli imekwisha. Sahani ilikuwa bado nusu.

"Kaa!" nilimwambia kasa, kwa sauti ninayowaitia watoto barabarani. Akakaa. Nilimgeukia msichana nikamuuliza kuongeza muda ni bei gani, akanitajia, na ilikuwa bei isiyo na haya kabisa. Siku nyingine ningesimama dirishani nikagomba mpaka dhuhuri, kwa lugha zote nilizorithi. Nilimpa kadi kabla hajamaliza kusema, nikamwomba na mayai ya moto. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akenda kumwita ngamia awaliwaze wale watoto wa meza ya pili.

"Ehe," mama alimwambia kasa, akirudisha mkono kwenye sahani. "Nlijua hujashiba."

Akala mayai. Akamaliza maharagwe, akafuta sahani kwa mkate, akala na kaimati zilizokosa hiliki. Mwisho kasa aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake la sponji akalipapasa. "Alhamdulillahi," alisema mama, na hapo ndipo aliponyanyua mkono. Alimwombea kasa kheri na wepesi katika kazi yake, kwa dua ndefu, na kasa alisimama ameinamisha kichwa mpaka ilipokwisha.

Njiani mwanangu alilala kiti cha nyuma na picha yake kifuani. Nilikuwa na furaha ya kutaka kuimba, na mimi nikifurahi lazima nichokoze mtu.

"Mama, kasa wako hakula hata tonge moja."

"Kwani mie kipofu?" alisema. "Sponji lile litakula nini?"

Nilicheka mpaka nikaogopa usukani. "Sasa ulikuwa ukimkaribisha ya nini?"

"Mtu kasimama juu yako, wewe unakula, humkaribishi. Adabu gani hiyo?" Aligeukia dirishani. "Lakini alikaa. Umemuona? Mwenyewe hali, akakaa mpaka mie nkamaliza. Toka kafa baba yako, hapana mtu alokaa mpaka nkamaliza."

Hakusema kwa kulaumu. Macho yalinijaa maji nikapunguza mwendo, gari la nyuma likanipigia honi, nikaliacha lipite. Tulipokaribia kutoka barabara kuu nilimuuliza.

"Mchana nikupikie nini, mama?"

"Usinipikie mie," alisema. "Pika mtakachokula nyote. Ntashuka."